Kufunga feni ya umeme kwenye gari la zamani: mwongozo kamili kwa barabara za Nairobi

Gari la miaka ya 1960 au 1970 halikuundwa likae nusu saa kati ya Bunyala na Nyayo Stadium likisogea hatua mbili mbili. Feni yake imefungwa kwenye pampu ya maji na inazungushwa na mkanda, kwa hiyo kasi yake ni kasi ya injini. Ukiwa Thika Road kwa kilomita 80 kwa saa, inazunguka kwa fujo na kula nguvu ya injini ilhali upepo wa barabarani tayari unatosha. Ukisimama kwenye foleni, pale unapoihitaji hasa, inajizungukia polepole na mshale wa joto unapanda.

Feni ya umeme hutoa upepo wake wote hata gari likiwa limesimama, na hulala gari likikimbia. Wengi huiona kazi ya kuifunga kuwa kazi ya spana: toa ile, weka hii. Ukweli ni kwamba robo tatu ya kazi hii ni umeme. Feni nyingi zinazolaumiwa kwamba hazina nguvu ni nzima kabisa. Kilichoharibu kazi ni waya mwembamba, bodi yenye kutu, au dainamo, yaani mashine ya kuzalisha umeme wa gari, iliyobebeshwa mzigo usioiweza. Ndiyo maana sehemu ya umeme imechukua nafasi kubwa hapa.

Kwanza thibitisha kwamba kinachokosekana ni upepo

Angalia gari linachemka wakati gani. Likichemka limesimama na kupoa likianza kutembea, tatizo ni upepo, na feni ya umeme itasaidia. Likichemka kwa mwendo wa kasi au linapopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, feni haitakuokoa. Hapo upepo upo tele, ila maji hayapiti ipasavyo: rejeta imeziba, themostati (mlango mdogo unaoruhusu maji kupita yakipata moto) haifunguki, pampu imelika, au taimingi iko nyuma. Likipanda joto dakika chache baada ya kuwashwa, mapovu yakatoka kwenye mdomo wa rejeta bila kukoma, shuku gasketi ya hedi kabla ya kununua chochote.

Rejeta iliyoziba hujulikana kwa mkono. Pasha injini moto, izime, kisha pitisha kiganja karibu na sega, yaani ule wavu wa mirija na mapezi. Joto linatakiwa libadilike taratibu kutoka upande maji yanakoingia hadi upande yanakotokea. Ukikuta kipande kilichopoa ghafla katikati, mirija ya hapo imejaa chokaa na kutu. Ipeleke kwa fundi wa rejeta afungue tangi na kuchokonoa mirija. Kuimwagia maji kwa mpira hakutoshi.

Kifuniko cha rejeta nacho kina uzito wake kwa mji huu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa yakifika karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Kifuniko cha shinikizo la baa 0.9, ambacho mara nyingi huandikwa 13, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Kile cha baa 0.5, yaani 7, hukifikisha kama 107. Kifuniko ambacho springi yake imechoka au mpira wake umepasuka hukurudisha kwenye 94. Sasa fikiria umefunga feni inayowaka kwa nyuzi 95 kwenye gari lenye kifuniko kibovu: maji yameshachemka kabla feni haijaamka. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile ya gari lako. Usipandishe namba kwa tamaa, maana rejeta ya shaba iliyoungwa kwa lehemu inaweza kupasuka maungio.

Ukiipima themostati kwenye sufuria, kumbuka jambo hilohilo. Themostati iliyoandikwa 88 huanza kufunguka kwa 88 lakini hufunguka kabisa ikikaribia 100. Maji ya sufuria jijini hayafiki huko. Ukiona imefunguka nusu tu, hiyo si sababu ya kuitupa. Mbovu ni ile isiyosogea kabisa, au iliyobaki wazi baada ya kupoa.

Wenye Peugeot 404 na 504 wana la ziada la kukagua. Nyingi zilitoka kiwandani na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakipata moto, umeme hupita kwenye brashi ndogo ya kaboni na feni hushikana na puli, gurudumu la mkanda. Brashi ikiisha au waya wake ukikatika, feni huzembea na gari huchemka kwenye foleni. Brashi mpya ni kazi ndogo kuliko mwongozo huu wote, kwa hiyo anzia hapo.

Hesabu ya umeme kabla ya hesabu ya pesa

Feni ya inchi 12 hula takriban ampia 7 hadi 10 ikishashika kasi. Ya inchi 14 hula 10 hadi 15, na ya inchi 16 inaweza kupita 20. Sekunde ile ya kuwaka, mota yoyote huvuta mara mbili au tatu zaidi ya hapo.

Chukua jioni ya mvua mwezi wa Aprili, foleni haisogei. Feni ya inchi 14, ampia 12. Taa kubwa mbili za wati 55, ampia 9. Taa ndogo na za nyuma, 2. Mfumo wa kuwasha cheche, 4. Waipa, 4. Kipulizaji cha kuondoa ukungu kwenye kioo, 5. Jumla ni ampia 36. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, mwisho wake ni ampia 22, na injini isipokanyagwa haitoi karibu chochote. Alteneta, mashine iliyochukua nafasi ya dainamo, ile ya Lucas 16ACR ni ampia 34, tena injini ikiwa juu. Kwenye foleni hutoa sehemu tu ya hizo. Kinachobaki kinatoka kwenye betri, na betri huisha ukiwa katikati ya barabara.

Kwa hiyo gari lenye dainamo libadilishwe kwanza kuwa alteneta. Lenye alteneta ndogo litafutiwe ya ampia 55 au zaidi, na waya kutoka alteneta hadi betri uongezwe unene. Milimita mraba 10 unatosha. Kuacha waya wa zamani na kufunga alteneta kubwa ni kutafuta moto chini ya boneti.

Kipimo cha mwisho ni multimita. Injini ikiwa moto na haijakanyagwa, washa taa kubwa, waipa na feni kwa pamoja, kisha pima kwenye betri. Volti 13.2 au zaidi, uko salama. Zikiwa 12.5 na zinashuka, unakula akiba.

Angalia pia bodi ya gari imeungwa na upande gani wa betri. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana bodi chanya. Feni ukiifunga kwa mazoea kwenye gari la namna hiyo itazunguka kinyume, itasukuma upepo dhidi ya ule wa barabarani, na gari litachemka kwa kasi kuliko mwanzo huku feni ikisikika inafanya kazi.

Kuchagua feni

Pima sega, si rejeta nzima. Kisha pima nafasi kati ya sega na ncha ya pampu ya maji baada ya kuwazia feni ya zamani imetoka. Nafasi ndiyo itakayokuamulia.

Feni ikikaa upande wa injini na kuvuta upepo kupitia rejeta, hiyo ndiyo bora. Ikikaa mbele na kusukuma, mota na fremu yake huziba njia ya upepo gari likikimbia, na hupigwa na mawe na matope. Funga mbele pale tu nyuma hapatoshi.

Kupima nafasi kwa usahihi, kanda donge la unga wa ngano, ligumu kama la chapati, libandike katikati ya mota ya feni upande unaotazama pampu. Weka rejeta na feni mahali pake, kaza bolti mbili, kisha toa. Donge litakuwa limebonyea kadiri ya nafasi iliyopo. Likibaki chini ya milimita 20, usifunge. Injini hukaa juu ya mipira, na ukikanyaga breki kwa ghafla au ukidondokea shimo, husogea mbele. Mipira ikiwa imechoka husogea zaidi, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kupima.

Feni zilizotumika kutoka magari ya Kijapani zimejaa Kirinyaga Road, ambako wazee bado huita Grogan, na nyingi ni nzuri kuliko feni mpya za bei nafuu kwa sababu huja na kava yake, yaani mfuniko unaoelekeza upepo wa feni. Nenda na betri, au omba muuzaji aiunge kwenye betri mbele yako. Zungusha mapanga kwa kidole: yanapaswa kuendelea kidogo na kusimama laini bila kukwaruza. Tikisa shafti juu na chini, isicheze. Kagua mzizi wa kila panga kwa nyufa nyembamba, maana panga likivunjika kwa kasi hukata sega. Kisha iunge na uiache izunguke dakika tano. Mota inayonuka au kuwa moto usioshikika, irudishe.

Chukua yenye nyaya mbili. Baadhi ya zenye tatu au nne huendeshwa na kompyuta ya gari lake na hazitakutii kwa kuungwa tu na betri. Ukitaka kugeuza feni ya kuvuta iwe ya kusukuma, kubadilisha nyaya pekee hakutoshi kama mapanga yamepinda. Mapanga yenyewe lazima yageuzwe, la sivyo utapata kelele nyingi na upepo kidogo.

Usidharau kava. Sega la sentimita 45 kwa 40 lina eneo la sentimita mraba 1,800. Duara la feni ya inchi 12 ni kama 730. Feni iliyobanwa moja kwa moja kwenye sega bila kava hupitisha upepo kwenye asilimia 40 tu ya rejeta. Pembe zote nne zinakaa bure. Kava inayofunika sega lote, ikiwa na umbali wa milimita 25 hadi 50 kutoka kwenye mapezi, huvuta upepo kila mahali. Fundi yeyote wa mabati anaweza kuikunja kwa bati la alumini la milimita 1.5. Mwambie akate matundu mawili au matatu pembeni na kuyawekea vipande vya mpira vilivyoshikwa upande mmoja. Gari likikimbia, upepo huvifungua na kupita. Likisimama, mvuto wa feni huvifunga.

Swichi ya joto na mahali pake

Hapa ndipo makosa ya kimyakimya hutokea. Swichi ya joto, inayowasha feni maji yakipata moto, ina namba mbili: ya kuwasha na ya kuzima, kwa mfano 92 na 87, au 95 na 90. Ikikaa kwenye hosi ya juu, inasoma maji yanayotoka kwenye injini, ambayo hayashuki chini ya themostati. Kwa hiyo namba ya kuzima lazima iwe juu ya namba ya themostati. Themostati ya 82 na swichi ya 92/87 zinaelewana. Themostati ya 88 na swichi hiyohiyo hazielewani: maji hayatashuka hadi 87, na feni ikiwaka haitazima mpaka uzime gari. Tumia 95/90.

Ikikaa chini, maji yanakotoka kwenye rejeta, inasoma maji yaliyokwisha kupoa, na namba zake huwa za chini zaidi. Mahali hapo ni pazuri kwa sababu feni huwaka pale tu rejeta inaposhindwa yenyewe. Lakini rejeta nyingi za zamani hazina tundu la swichi, na kuongeza moja ni kazi ya fundi wa rejeta, ikiwa imetolewa kwenye gari.

Njia nyepesi ni kipande cha bomba la alumini chenye tundu lenye nyuzi za kukazia za M22×1.5, kinachoingizwa katikati ya hosi ya juu kwa klipu mbili. Chagua kipenyo sawa na ndani ya hosi yako, pima, usikisie. Swichi za nyuzi hizo zinapatikana kwa wingi kwa sababu Volkswagen walizitumia miaka mingi.

Jambo moja la kutazama kwa makini. Kama swichi yako ina pini moja, umeme wake hurudi kupitia mwili wa swichi hadi bodi. Kipande cha bomba kiko katikati ya mpira pande zote mbili. Hakijagusa chuma popote. Utaunga kila kitu sawasawa na feni haitawaka hata maji yakichemka, na fundi atabadilisha rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), kisha swichi, kisha feni. Funga waya mweusi kutoka kwenye bomba hadi bodi, au nunua swichi ya pini mbili.

Epuka vile vipimio vyenye waya wa shaba unaopitishwa chini ya klipu ya hosi. Vinavuja siku ya kwanza au ya mia.

Vya kuwa navyo

Rilei ya ampia 40 yenye kitako chake; kishikio cha fyuzi kisichoingia maji; fyuzi ya ampia 25 kwa feni ya ampia 12, na ya 5 kwa waya wa kuamsha rilei; mita tatu za waya wa milimita mraba 4, mwekundu na mweusi; mita tano za waya wa milimita mraba 1; tamino za kubana, yaani vichwa vya nyaya, pamoja na koleo lake; mpira wa kusinyaa kwa joto; paipu ya plastiki yenye mikunjo ya kufunikia nyaya; bapa la alumini la milimita 25 kwa 3, kama mita mbili; bolti za M6 na nati zenye plastiki ndani; vipande vya mpira; sponji nene ya kubandika; kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, na maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Hakikisha si asidi, kwani chupa hufanana.

Waya ununuliwe kwa macho. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai. Mtetemo wa injini huuchosha na kuukatia ndani ya ganda ambapo huoni. Unataka wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kisha kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Iache dukani.

Kung'oa feni ya zamani

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko, kisha bomba la chini la rejeta, na ukinge maji kwenye beseni. Kulanti ni tamu na ni sumu. Usiiache mbwa au mtoto alipo, wala usiimwage mtaroni. Toa waya wa betri upande wa bodi. Toa rejeta nzima hata kama unadhani utafika bila kuitoa, kwa sababu sega hujeruhiwa na spana moja tu iliyoteleza.

Feni hushikwa na bolti kwenye kichwa cha pampu. Zenye klachi ya mafuta mara nyingi huwa na nati kubwa moja, na baadhi zina nyuzi za kushoto; soma mshale kabla ya kutumia nguvu. Mkanda ubaki. Bado unazungusha pampu na alteneta.

Sasa angalia bolti ulizotoa. Zilipita kwenye feni, labda unene wa milimita 4, kisha kwenye puli. Ukizirudisha bila feni, hufika mwisho wa tundu kabla ya kuibana puli. Mkononi utasikia zimekaza, lakini puli itakuwa inacheza, na baada ya kilomita chache itakata vichwa vya bolti au kuharibu beringi ya pampu. Weka bolti fupi zaidi kwa unene uleule, au pete za washa za kujaza nafasi hiyo. Halafu shika puli na uitikise.

Kufunga

Kata bapa mbili za alumini zipite kutoka upande mmoja wa fremu ya rejeta hadi mwingine, moja juu na moja chini. Zishikize kwenye matundu ya bolti yaliyopo. Kila panapogusana na fremu, weka mpira. Kava ifungwe kwenye bapa hizo, isiegemee sega popote.

Zipo zile kamba za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi na kuibana feni kwenye rejeta. Zinauzwa pamoja na feni nyingi na zinashawishi. Zisitumike. Mtetemo huzifanya ziwe msumeno. Mwezi hadi mwezi zinakula mrija mpaka tone la kwanza litokee, na tundu hilo huwa katikati ya sega ambako lehemu haifiki bila kulifungua.

Ukingo wa kava ubandikwe sponji ili upepo usiibie pembeni. Fanya hivyohivyo kati ya juu ya rejeta na bati la mbele la gari. Gari likiwa limesimama, hewa moto iliyotoka injini hurudi mbele kupitia nafasi hiyo na kuvutwa tena. Sponji hiyo ni ya bei ndogo na tofauti yake kwenye foleni ni kubwa.

Nyaya

Rilei ikae kwenye bati la pembeni, mbali na manifodi ya moshi na mivuke ya betri, pini zikitazama chini ili maji yasitulie ndani. Pini 30 ipokee waya wa milimita mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya 25 ikiwa ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Waya wowote kabla ya fyuzi hauna ulinzi. Pini 87 iende kwenye feni kwa waya wa unene huohuo. Pini 86 ipate umeme wa swichi ya funguo kupitia fyuzi ya 5. Pini 85 ishuke hadi swichi ya joto, na upande wa pili wa swichi uende bodi. Kama bodi yako ni chanya, mpangilio ni huohuo. Waya wenye fyuzi hutoka kichwa hasi, na nyaya mbili za feni zinabadilishana.

Ongeza swichi ndogo chini ya dashibodi, kutoka pini 85 hadi bodi. Swichi ya joto ikifa, utawasha feni kwa mkono na kufika nyumbani. Taa ndogo kutoka pini 87 itakuonyesha rilei imeshika, ingawa haithibitishi kwamba mota inazunguka.

Wapo wanaounga feni moja kwa moja kwenye swichi ya funguo bila rilei. Swichi ya umri wa miaka 50 haikuundwa kwa mzigo huo, itaungua. Isitoshe, feni inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta, na ukizima funguo inaweza kuendelea kuilisha umeme koili ya cheche, injini ikakataa kuzima. Rilei hutenganisha mambo hayo mawili.

Kuna swali la feni kuendelea baada ya kuzima gari. Kwa injini za zamani tunashauri isiendelee. Pampu imesimama, maji hayazunguki, kwa hiyo feni itapoza maji ya rejeta tu na kumaliza betri. Gari likiwa moto sana, liache linguruma dakika mbili kabla ya kulizima.

Waya wa bodi wa feni usiishie kwenye fremu ya rejeta, ambayo nayo imekaa juu ya mipira. Upeleke kwenye chasi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Hakikisha pia waya kati ya injini na chasi upo na ni mzima.

Maungio yabanwe kwa koleo la tamino. Vuta kila moja kwa nguvu ya mkono. Lililotoka sasa lingetoka barabarani. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hakudumu karibu na injini: gundi huyeyuka na tepu hufunguka.

Kujaza maji na kupima

Changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu. Maji ya kisima huacha chumvi ndani ya mirija, na kazi uliyoifanya inaanza kurudi nyuma. Egesha gari pua ikitazama mlimani, fungua bomba la hita, jaza taratibu, washa bila kifuniko na ukamue hosi ya juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Kisha funika.

Kabla injini haijapata moto, washa feni kwa swichi ya mkono na uweke nusu ya ukurasa wa gazeti mbele ya rejeta. Linapaswa kung'ang'ania na kutulia. Lisogeze kwenye kila pembe. Likianguka pembe moja, kava inavuja hapo. Likipeperuka kwenda mbele, feni inazunguka kinyume.

Feni ikiendelea, pima volti kati ya kichwa chanya cha betri na waya chanya wa feni: isizidi 0.3. Kati ya waya hasi wa feni na kichwa hasi: isizidi 0.2. Ikizidi, kuna ungio lililo moto. Lipapase na utalipata. Kipimo hiki cha dakika mbili hueleza feni nyingi "dhaifu".

Sasa acha injini ipate moto yenyewe. Feni iwake, joto lishuke, izime, na irudie. Ikizunguka dakika moja hadi tatu kisha kupumzika, mpango umekaa. Baada ya hapo ingia kwenye foleni halisi saa za mchana, taa zikiwaka.

Ikikorofisha

Feni haizimi: linganisha namba za swichi na themostati, kisha chomoa waya wa swichi ya joto, ikiendelea, rilei imegandana. Haiwaki: gusisha waya wa pini 85 kwenye bodi; ikiwaka, kosa liko kwenye swichi ya joto au bodi yake. Fyuzi inakatika wakati wa kuwaka tu: mota ni nzito, beringi zimechoka, au umepunguza namba ya fyuzi mno. Usiweke kubwa zaidi ya uwezo wa waya. Kitako cha rilei kimegeuka rangi ya kahawia kwenye pini 30 au 87: tamino imelegea na inachoma, kata, bana mpya, badilisha kitako. Mkanda unapiga mluzi feni ikiwaka: alteneta imepata mzigo na mkanda umelegea. Feni inawaka ukiwa kilomita 80 kwenye barabara tambarare: rudi kwenye rejeta na themostati.

Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti za bapa na kava, na uangalie puli ya pampu. Feni ya zamani, bolti zake ndefu na bracketi zozote ulizotoa, viweke kwenye sanduku moja lenye jina la gari. Kwa anayepeleka gari kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, kila kitu hapa kinatoka bila tundu hata moja jipya kwenye bodi, na rejeta inarudi ilivyokuwa kwa kazi ya asubuhi moja.